Gari Lisilosukumwa

Mume wangu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Zambia kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na macho yalipoanza kumzimikia alikuwa bado na nguvu za kuinua tairi la akiba peke yake. Daktari aliyempima alisema ni presha ya macho. Alituambia kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kwamba dawa ya matone ni ya kulinda kile kidogo kilichobaki. Kidogo hicho kilikuwa mwanga tu. Alijua dirisha liko upande gani, na mtu akipita mbele yake aliona kivuli. Alirudi nyumbani kwetu Vwawa na begi lake la safari, akawa anaketi barazani kusikiliza malori yakipanda barabara kuu. Kwa mlio tu alijua lipi limebeba shaba na lipi linarudi tupu.

Vwawa ilikuwa bado makao ya wilaya ya Mbozi. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujaundwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha hesabu, na watoto wetu walikuwa wameshaondoka nyumbani. Tulikuwa wawili, na tungeendelea hivyo kama mama mkwe wangu asingeanguka akichota maji kisimani.

Mama huyo aliishi peke yake bondeni Momba, huko chini ambako joto ni jingine kabisa na hili letu la mlimani. Binti yake wa mwisho alikuwa ameolewa ng'ambo, Zambia. Jirani yake alitupigia simu kusema kwamba kiuno kimemkaa vibaya, anatembea kwa kushika kuta, na kuni anakatiwa na watu. Ndugu walishauri apandishwe kwenye lori la mahindi siku ya mnada, aletwe kwetu. Mume wangu alisikiliza ushauri huo hadi mwisho, kisha akasema mama yake hatapanda juu ya magunia.

"Tutamleta wenyewe," aliniambia jioni ile.

Nikamwuliza tutamleta kwa usafiri gani.

"Kwa gari. Wewe utaendesha kwa mikono, mimi nitaendesha kwa mdomo."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Lakini likizo ilipofika alinisindikiza hadi Mbeya, nikajiandikisha chuo cha udereva, mwanamke mtu mzima nimekaa darasani na vijana waliokuwa na umri wa wanangu. Nilijifunza kwenye gari dogo bovu la gia za kawaida, lililokuwa linanizimikia kila kwenye makutano. Nilipata leseni. Baada ya hapo tulinunua gari la daktari mmoja wa Vwawa aliyekuwa amehamishiwa pwani. Lilikuwa gari la familia, lenye buti refu, jeupe, lililokuja likiwa limetumika Japani.

Siku ya kwanza mume wangu aliketi kiti cha dereva ili alikague. Alipitisha viganja kwenye usukani, akagusa dashibodi, akashusha mguu wa kushoto na kuanza kupapasa.

"Klachi iko wapi?"

"Hakuna," nilimjibu. "Daktari anasema ni otomatiki. Gia linabadilisha lenyewe."

Aliushika mkono wa gia akausogeza mbele na nyuma, akiuhesabu kwa vidole kila ulipojikita. Nilimsomea herufi zilizokuwa pembeni yake: P, R, N, D, kisha namba 2, kisha L. Daktari alikuwa ametueleza kwamba P ni ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, D ya kwenda, na hizo nyingine yeye hakuwahi kuzihitaji. Ndani ya gari mlikuwa na kitabu cha maelezo, kinene na kizuri, kimeandikwa Kijapani kitupu.

"Hili gari linanionea huruma," mume wangu alisema akishuka, "na mimi sitaki kuonewa huruma."

Hata hivyo alinifundisha. Kila jioni baada ya shule tulitoka taratibu kwenye barabara za vumbi za upande wa Hasamba, ambako nilizaliwa, katikati ya mashamba ya kahawa. Alikaa kushoto kwangu, dirisha wazi, mkono nje, na kila mara akiniuliza naona nini. Alinizoesha kuisema barabara kwa sauti: kona ya kulia, mama mwenye ndoo, korongo, ng'ombe kafungwa pembeni. Alinifundisha kutoukumbatia usukani. Na alinifundisha jambo moja ambalo alilisisitiza kuliko mengine yote. Kila nikirudi nyumbani, niegeshe juu ya mteremko ulio mbele ya nyumba yetu, pua ya gari ikitazama chini. Alisema dereva wa safari ndefu halali bila kujua asubuhi atawakaje.

Jumamosi tuliyopanga kushuka bondeni niliamka mapema, nikapakia godoro dogo, mito, chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Majirani walikuwa barabarani wakielekea sokoni. Nikakaa, nikageuza ufunguo. Gari likatoa mlio kama wa mtu anayegongesha kijiko kwenye bati, tik tik tik, na taa za dashibodi zikafifia. Nikarudia. Safari hii mlio ulikuwa mmoja tu, kisha kimya.

"Betri," alisema mume wangu, bila wasiwasi wowote. Hapo ndipo mteremko wake ulipokuwa umengojea. Aliniambia niweke gia huru, niache ufunguo umewashwa, na likishachanganya mwendo niingize D. Akawaomba majirani wasukume kidogo tu. Wanaume kama sita hivi walijikusanya nyuma ya buti, naye akiwa mmoja wao, bega lake likiwa la kwanza.

Tulishuka mteremko ule wote. Niliingiza D. Hakuna kilichotokea. Gari liliendelea kuteleza kimya kama mkokoteni hadi karibu na lami, nikafunga breki. Walisukuma tena pale tambarare, wakaenda umbali mrefu hadi wengine wakaanza kuacha mmoja mmoja wakijifuta jasho. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha barabarani alisimama, akaja. Alikuwa dereva wa magari ya transiti, wale wanaoyatoa bandarini na kuyakabidhi Tunduma kwa wenyewe wa Zambia na Kongo. Alichungulia dirishani kwangu, akautazama mkono wa gia.

"Shikamoo mzee," alimwambia mume wangu. "Hili halisukumwi. La otomatiki mkilisukuma mnalitembeza tu, injini haipati habari."

Alikuwa na nyaya zake za kubusti. Alileta gari alilokuwa analipeleka mpakani, akaunganisha betri kwa betri, na langu likawaka mara moja. Alitutakia safari njema akaondoka zake.

Mume wangu alipapasa mlango, akaingia, akaufunga.

"Rudisha nyumbani," alisema.

Nilirudi. Tulikunywa ile chai ya safari barazani kwetu. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe kwa simu kwamba jioni ile angeniona. Nikamwambia mume wangu kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nimehangaika kurudi kinyumenyume juu ya ule mteremko, na kumbe ulikuwa hauna kazi.

"Basi sina cha kukufundisha," alijibu. Hakusema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayerudisha funguo za ofisi.

Nikamtazama. Bega lake lilikuwa limechafuka vumbi la buti, na alikuwa hajui. Hasira zangu zikabadilika sura. Nilikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la nne kwa miaka mingi, nikajua kwamba mtu akikwama kwenye hesabu, huwezi kumsaidia kwa kumhurumia. Unamrudisha kwenye mstari wa kwanza.

"Una masikio," nilimwambia. "Nilipogeuza ufunguo ulisikia nini?"

Akasema alisikia staata, ile mota ya kuwashia injini, ikijaribu kushika na kuachia, kwa hiyo staata ni nzima, ila umeme unaofika ni mdogo. Nikamweleza kwamba taa za dashibodi zilififia. Akasema hilo linathibitisha. Sasa ilibaki kujua kama betri yenyewe imechoka, au haichajiwi, au chaji inaingia halafu inavuja.

"Fungua boneti," alisema. "Niambie vichwa vya betri vina rangi gani."

Vilikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani, kama ukungu wa mkate. Alinifundisha kufungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya, ili spana isije ikagusa bodi ya gari na kupiga cheche. Tulimwagia maji ya moto yenye magadi, unga ule ukachemka na kutoweka. Nikasugua kwa msasa hadi risasi yake ikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi. Nilifungua vizibo vya betri nikakuta maji yameshuka chini ya vibati vya ndani, tukaongeza. Yeye mwenyewe aliukanda mkanda wa alteneta, ile inayochaji betri, kwa kidole gumba, akasema umekaza vizuri. Nilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Jirani aliyepita alisimama muda mrefu kututazama, akaenda zake.

Jumatatu fundi umeme wa kando ya barabara kuu aliichaji ile betri, akairudisha garini, akawasha na kupima kwa mita yake. Alisema alteneta inachaji sawasawa. Ushauri wake ulikuwa mfupi: betri ni ya zamani, tununue mpya. Ulikuwa ushauri mzuri, na mume wangu alimshukuru. Lakini tulipokuwa njiani kurudi aliniambia betri mpya tutainunua, ila kwanza anataka kumjua mwizi, maana mwizi asipopatikana hata hiyo mpya ataila.

Hapo ndipo nilipomwona amerudi. Alipanga kazi kama anavyopanga safari. Jioni nilifungua waya wa hasi tukaacha betri imelala peke yake. Asubuhi niliufunga, gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Siku iliyofuata tuliacha waya umefungwa, gari halikutoka, na kesho yake asubuhi staata ilikuwa nzito kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kwa hiyo betri ilikuwa bado inaweza kutunza. Kulikuwa na kitu ndani ya gari kinachokunywa wakati sisi tumelala.

Alinifundisha kutengeneza taa ya kupimia: balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Tukatoa waya wa hasi, nikaiweka ile balbu kati ya waya na kichwa cha betri, na ikawaka wakati ufunguo wa gari uko mfukoni mwangu. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na kila nikichomoa namwambia kama balbu inawaka bado. Redio, bado. Honi, bado. Vifuta kioo, bado. Nilipochomoa ya taa za ndani ikazimika.

Nikairudisha fyuzi, nikazikagua taa za ndani zote. Ya darini ilikuwa imezimwa. Za milangoni zilikuwa zimezimika. Nilifunika kichwa kwa kanga nikachungulia hadi chini ya viti kutafuta mwanga, sikuona. Giza lilikuwa linaingia, tukarudisha kila kitu mahali pake tukaliacha.

Kesho yake nilikuwa darasani nikifundisha hesabu za sehemu, akili yangu iko kwenye fyuzi. Niliporudi nilimkuta amesimama nyuma ya gari, kiganja juu ya bati la buti.

"Humu umeangalia?"

Nikamwambia nimeangalia, taa ya buti inawaka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, ukifungua inawaka.

"Fungua tena. Usiguse kitu."

Nikafungua. Taa ikawa inawaka, kama nilivyomwambia. Alinyoosha mkono, akapapasa ukuta wa ndani hadi akaifikia kofia yake ya plastiki. Aliuacha mkono pale.

"Umefungua sasa hivi?"

"Sasa hivi, wewe mwenyewe umesikia."

"Mbona ina joto?"

Nikaweka vidole vyangu pembeni ya vyake. Ilikuwa ya moto, moto wa taa iliyowaka tangu jana. Swichi yake ilikuwa kwenye kitasa cha buti, na ilikuwa imejaa vumbi lililogandana na mafuta, haibonyei mlango unapofungwa. Kila usiku sisi tunalala, humo ndani kunawaka kama kuna mgeni. Mimi mwenye macho nisingeweza kuijua hata kwa mwaka, kwa sababu kila nilipofungua ili nione, nilikuta kile nilichotarajia kukiona.

Nilitoa ile taa. Tulipoiweka tena balbu ya kupimia ilibaki nyeusi. Mume wangu alicheka, na nilikuwa nimesahau anavyocheka, kwa tumbo lote, akiegemea gari.

Betri mpya niliifuata Tunduma mwenyewe, maana ile ya zamani ilikuwa imeumizwa kwa kukaushwa mara nyingi. Siku ile mpakani palijaa kama kawaida, mikokoteni ya sukari na mafuta ya kula ikipenya kati ya malori. Mwenye duka alinisalimu kwa Kibemba, mulishani, akidhani nimevuka kutoka ng'ambo. Nilimwambia aipime mbele yangu kabla sijaibeba, na akaipima.

Nilidhani sasa tunaondoka. Mume wangu akasema bado. Alikuwa anaijua ile barabara ya kushuka bondeni tangu utoto, na akasema gari likienda D peke yake huko chini, nitashuka nikiwa nimesimama juu ya breki hadi zishike moto. Enzi zake aliwajua madereva waliokuwa wakiweka gia huru mteremkoni, ile wanayoiita fri, ili wabane dizeli. Wengine aliwasaidia kuwatoa makorongoni. Kwenye lori sheria ilikuwa kwamba mlima unaupanda kwa gia fulani, na kwa gia hiyohiyo unaushuka, injini ilishikilie gari. Hofu yake ilikuwa kwamba gari linalochagua gia lenyewe litachagua vibaya, na dereva hana la kufanya.

"Kuna hizi mbili ambazo daktari hakuzitumia," nilimwambia. "Twende tukazijaribu."

Tulikwenda kwenye mteremko mmoja mrefu wa upande wa Ruanda ya kwetu Mbozi, mahali ambapo hapakuwa na watu. Nilishuka kwanza kwa D. Gari lilijiachia, nikawa nakanyaga breki kila mara. Tulirudi juu. Safari ya pili, nikiwa bado polepole, niliusogeza mkono wa gia hadi kwenye 2. Injini ikapandisha sauti, na nikahisi gari limevutwa na kitu kutoka nyuma, kama mtoto anayeshikwa shati. Sikugusa breki. Mume wangu aliinua mkono.

"Ngoja. Rudia hiyo."

Nikarudia. Aliinamisha kichwa upande wa injini. Akaniambia niende L tukiwa tumekaribia kusimama, nikafanya hivyo, gari likashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea huku injini ikinguruma chini kwa chini.

"Hiyo ya mwanzo ni gia ya pili, na wameishika isipande," alisema. "Hii ni ya kwanza." Kisha akauliza kile kitufe alichokigusa pembeni ya mkono wa gia ni cha nini. Nikakibonyeza tukiwa tambarare, mwendo mzuri, taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi na injini ikaongeza mlio kidogo. Alisikiliza, akasema kinaizuia gia ya juu kabisa. Alitabasamu peke yake akitazama mbele. "Kumbe gia zote zimo. Wamezificha tu."

Tangu siku ile hakusema tena kwamba gari linamhurumia. Alinikalisha mezani akanisomesha upya: D kwa barabara nyoofu, kitufe kile kwa milima midogo na kubeba mzigo, 2 kwa miteremko na matope, L kwa mahali pa kutisha, na N kamwe gari likiwa linashuka. Mimi nilimrudishia somo kama mwanafunzi, bila kukosea.

Tuliondoka alfajiri. Lami tuliiacha nyuma, kahawa ikaisha, na kabla jua halijapanda sana tulifika ukingoni ambako nchi inakatika na bonde linaonekana chini limejaa ukungu wa vumbi. Nikaingiza 2. Penye mawe na kona kali nikaingiza L. Mume wangu alishika mpini wa juu ya mlango na hakuacha kuniuliza. Nilimwambia kila kitu: mti umeegemea, mawe upande wako, lori limekwama pembeni na watu wake wamelala chini yake. Mara moja tu alisema breki, nikafunga, na kweli mbele ya kona kulikuwa na trekta linapanda. Alikuwa amelisikia kabla sijaliona. Tulipofika chini alinusa hewa ya magurudumu. Hapakuwa na harufu ya kuungua.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Alikuwa amepungua sana. Mwanawe aliinama, naye akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa kope. Baada ya hapo aliniangalia mimi, akauliza kwa Kinamwanga dereva yuko wapi. Mume wangu akamjibu kwamba ndiye huyo. Mama alilizunguka gari lote kwa kulishika, kama alivyokuwa akishika kuta zake, akasema atalala kwake usiku mmoja wa mwisho, kisha ataenda.

Tulipanda kesho yake, yeye akiwa amelala nusu kwenye kiti cha nyuma juu ya godoro na mito. Kabla ya kuufikia mlima tulikutana na ng'ombe. Lilikuwa kundi kubwa la mifugo ya wafugaji waliohamia bonde lile kutoka kaskazini, limejaa barabara nzima na pande zake, linakwenda majini. Nilisimama. Nilipoona hawaishi, na joto linazidi, nikavuta handibreki na kuzima gari. Mama alikuwa anatazama pembe zikipita dirishani huku akizisemesha kwa sauti ndogo.

Ng'ombe wakaisha. Nikageuza ufunguo. Kimya. Hata ule mlio wa kijiko haukutoka. Nikageuza tena, kimya. Nilifikiria betri mpya, nikamfikiria mama mgonjwa katikati ya bonde lenye joto lile, mbali na kila fundi. Wafugaji wawili, mtu mzima na mkewe aliyebeba mtungi, walikuwa wamesimama pembeni. Yule mwanamume akalaza fimbo yake chini akasema watatusukuma, hakuna shida.

"Asante baba, lakini hili halisukumwi," nilimwambia. Alinishangaa.

Mume wangu aliniambia nipige honi. Nikapiga, ikatoka kali hadi ndama wa mwisho akaruka.

"Umeme upo," alisema. "Sauti hiyo si ya betri iliyochoka. Sasa usikimbilie boneti. Niambie mkono wa gia uko wapi."

Nikatazama. Ulikuwa kwenye 2. Niliuingiza pale kwa ajili ya mchanga, na nilipozima sikuurudisha. Gari lilikuwa linakataa kuwaka likiwa ndani ya gia, lisije likaruka mbele na kugonga mtu. Niliurudisha hadi P, nikageuza ufunguo, likawaka.

Yule mfugaji aliokota fimbo yake. Mkewe alicheka akaniambia, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba gari langu lina adabu, linasubiri kuambiwa vizuri. Kutoka kiti cha nyuma mama aliuliza kuna nini. Mume wangu akamwambia hakuna kitu, dereva alikuwa anapumzisha gari. Nikaingiza D, na mlima ulipoanza nikaingiza 2, na nikaupanda wote bila kusimama, mikono yangu ikiwa imetulia kwenye usukani.

Mama aliishi nasi miaka mingine kadhaa. Kiuno hakikupona sawasawa, lakini hospitali ya Vwawa ilimpatia dawa za maumivu, na alikuwa anaweza kufika barazani na kuketi na mwanawe. Alipozoea aliniomba jambo moja tu: nimpeleke Tunduma akamwone binti yake, ambaye angevuka kwa miguu kutoka upande wa Zambia.

Nilimpeleka siku ya Jumapili baada ya ibada, mume wangu akiwa kushoto kwangu. Niliegesha pembeni, mbali kidogo na foleni ya malori. Binti yake alikuja na kikapu kichwani, akaingia kiti cha nyuma, wakafunga mlango. Waliongea Kinamwanga kwa kasi ambayo mimi Mnyiha sikuweza kuifuata. Walicheka, wakalia kidogo, wakacheka tena. Tuliona tuwaache. Nilimshika mume wangu mkono tukaenda kunywa chai kwa mama mmoja wa karibu, na yeye alikaa akisikiliza malori yakisogea mbele hatua kwa hatua, akinitajia kila moja ni la namna gani, nami nikimwambia amepata au amekosa.

Tuliporudi tulikuta wote wawili wamelala, mama amelaza kichwa begani kwa binti yake, kikapu katikati ya miguu yao. Hatukuwaamsha. Tulisimama nje tumeegemea boneti hadi jua lilipoanza kushuka.